Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kinapogoma: kuanzia soketi hadi skrini

Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ili kusoma kompyuta ya gari hakikosekani sasa katika gereji nyingi kati ya Nakuru na Kisumu, na bei yake imeshuka kiasi kwamba hata mwenye gari asiye fundi hununua chake na kukihifadhi karibu na karatasi za bima. Kushuka huko kwa bei kumeleta kazi ya aina mpya. Mteja haji tena kulalamika kwamba gari linakohoa au linakunywa mafuta, bali kwamba kifaa hakisomi, na mara nyingi amekwisha kuambiwa na mtu kwamba kompyuta ya gari imekufa. Katika kazi yangu ya umeme wa magari nimekutana na kompyuta za injini zilizokufa kweli, lakini ni chache mno zikilinganishwa na fyuzi zilizoungua, pini zilizolegea, simu zilizonyimwa ruhusa, na magari ambayo tangu yalipoundwa hayajawahi kuijua lugha inayozungumzwa na kifaa hicho.

Mazungumzo kati ya gari na skrini yana viungo vitatu: umeme unaotoka kwenye soketi kwenda kwenye kifaa, mawasiliano kati ya kifaa na simu au tarakilishi, na mawasiliano kati ya kifaa na kompyuta za gari. Kazi yote ya kutafuta hitilafu ni kujua ni kiungo kipi kimekatika. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, chomeka kifaa hicho kwenye gari jingine ambalo unajua kwamba husomeka, ukitumia simu ileile na programu ileile. Kikisoma huko, kifaa na simu vimeondolewa lawama na tatizo liko upande wa gari. Kisiposoma, usiguse hata waya mmoja wa gari la mteja. Jaribio hili huchukua dakika tano, na nimewaona mafundi wakifungua dashibodi nzima kwa sababu hawakulifanya.

Taa ya kifaa haiwaki kabisa

Soketi ya uchunguzi ina pini 16. Pini namba 16 hupata umeme chanya wa betri moja kwa moja, namba 4 ni hasi ya bodi, yaani ethi, na namba 5 ni hasi ya mawasiliano. Kwa kuwa umeme huo kwa kawaida haupiti kwenye swichi ya ufunguo, taa ya kifaa inapaswa kuwaka hata gari likiwa limezimwa. Isipowaka, anza na fyuzi. Katika Toyota nyingi fyuzi hiyo imeandikwa OBD na aghalabu ni ya ampea 7.5, ilhali katika magari ya makampuni mengine soketi ya uchunguzi hutumia fyuzi moja na tundu la kuwashia sigara. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni kama chaja ya simu hufanya kazi. Gari moja liliwahi kuletwa kwangu kutoka Ahero likidaiwa kuwa na kompyuta mbovu, na kilichopatikana ni sarafu ya shilingi tano ndani ya tundu la sigara.

Fyuzi ikiwa nzima, pima volti kati ya pini 16 na pini 4, kisha kati ya 16 na 5. Hapa mita peke yake inaweza kukudanganya, kwa maana waya ulioliwa na kutu hadi kubaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 na zaidi pale ambapo hakuna mzigo. Chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, iunganishe kati ya pini hizo kwa nyaya nyembamba, na upime volti ikiwa inawaka. Balbu ikififia na volti zikiporomoka, kuna waya au kiungo kinachobana umeme, na kifaa chako hakina kosa. Pande za Kisumu, ambako unyevu wa ziwa hauachi chuma kikapumzika, hali hii huonekana zaidi kwenye skrubu ya ethi iliyo chini ya dashibodi kuliko kwenye waya wenyewe.

Sababu ya tatu ni pini zilizopanuka. Ukisukuma kifaa juu kidogo na taa ikawaka, kisha ukikiachilia ikazimika, umekwisha kupata jibu. Pini hizo za kike hupanuliwa na sisi wenyewe, tunaopima kwa kuchomeka misumari na ncha nene za mita; dawa yake ni kuitoa pini husika kutoka nyuma ya soketi na kuibana taratibu kwa bisibisi nyembamba, na kuanzia siku hiyo kupima kwa waya usiozidi unene wa pini ya kifaa.

Taa inawaka, lakini simu haikioni kifaa

Sehemu hii haihusu gari hata kidogo, ingawa ndiyo inayowafanya wengi warudishe kifaa dukani. Katika simu za Android, kifaa cha Bluetooth ya kawaida huoanishwa kwanza kwenye mipangilio ya simu kwa namba ya siri ambayo karibu kila mara ni 1234 au 0000, kisha huchaguliwa tena ndani ya programu. Kuoanisha peke yake hakutoshi. Vifaa vya Bluetooth ya nishati kidogo hufanya kinyume, kwani havihitaji kuoanishwa kwenye mipangilio, bali programu hujiunganisha navyo yenyewe. Kuanzia Android 6 hadi 11, programu isiyopewa ruhusa ya kujua mahali ulipo haiwezi kutafuta vifaa vipya vya Bluetooth, na kuanzia Android 12 ruhusa inayohitajika ni ile ya vifaa vilivyo karibu. Mtu aliyebonyeza kukataa siku ya kwanza hukaa akitafuta asichoweza kukiona.

Mwenye iPhone asihangaike na kifaa cha bei nafuu cha Bluetooth ya kawaida, kwa kuwa simu hiyo haitakubali kuzungumza nacho. Anahitaji cha WiFi au cha Bluetooth ya nishati kidogo. Kile cha WiFi hutumia kwa kawaida anwani 192.168.0.10 na mlango 35000, na tatizo lake kubwa ni kwamba simu, ikigundua kuwa mtandao huo hauna intaneti, huuacha kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini. Zima data kwanza. Kumbuka pia kwamba kifaa kimoja huhudumia simu moja tu kwa wakati; ikiwa simu ya mwanafunzi wako iliyo mfukoni imekwisha kukishika, yako itasubiri bure.

Kwa wanaotumia waya wa USB na tarakilishi, angalia kama Windows imeipa chipu ya kifaa namba ya mlango wa COM. Isipoipa, kiendeshi cha chipu hiyo, iwe CH340, FTDI au PL2303, hakijasakinishwa au hakilingani nayo. Mlango ukionekana na bado hakuna jibu, hakikisha kasi ya mawasiliano iliyochaguliwa ni ile ya kifaa, ambayo kwa ELM327, chipu ambayo vifaa vingi vya namna hii hutumia au huiiga, huanzia 38400. Wale wanaotumia waya wa Mini VCI pamoja na programu ya Toyota ya Techstream hukwama zaidi kwenye hatua moja: hawajauchagua waya huo katika orodha ya VIM Select, hivyo programu inaendelea kutafuta kifaa kisichokuwepo.

Simu na kifaa vinaelewana, lakini gari limenyamaza

Hapa ndipo penye kazi. Jambo la kwanza ni dogo: ufunguo lazima uwe umewashwa hadi taa za dashibodi ziwake, kwani pini 16 hukipa kifaa uhai lakini haiamshi kompyuta ya injini. Kama ufunguo umewashwa na bado gari halijibu, acha zile programu zenye picha za mita na mishale, na ufungue programu rahisi ya kuandikia amri, kwa sababu programu za picha huficha jibu halisi la kifaa nyuma ya neno moja la kushindwa.

Andika ATZ, kifaa cha jamii ya ELM327 kitajizima, kitajiwasha na kutaja jina na toleo lake. Usiliamini sana toleo hilo, kwa kuwa chipu ya kwanza ya kampuni ya ELM Electronics ya Kanada haikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, na nakala zilizoenea duniani hujipachika namba zitakazo. Andika ATRV, nacho kitakuambia volti kinazoziona kwenye soketi. Zikipishana na mita yako kwa sehemu chache za volti si neno, lakini kifaa kikisema 9 wakati betri ina 12.6, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu. Kisha andika ATSP0, ambayo inakiruhusu kifaa kitafute chenyewe itifaki, yaani lugha ya mawasiliano ya gari, na baada yake 0100, ambayo ni kuuliza gari linaweza kutoa vipimo gani. Jibu linaloanza na 41 00 lina maana kwamba gari linaongea vizuri na kosa liko kwenye programu ya simu.

Majibu mengine yana maana zake. "UNABLE TO CONNECT" ni kusema kifaa kimejaribu kila lugha na hakuna aliyeitika. "BUS INIT: ERROR" hutoka pale kinapojaribu itifaki za zamani za waya mmoja, ule wa pini 7, na kompyuta haikupokea salamu. "CAN ERROR" huashiria shida kwenye nyaya mbili za CAN, yaani mtandao unaounganisha kompyuta za gari, au kasi isiyolingana. "NO DATA" si habari mbaya sana, kwani mara nyingi njia ipo, ila swali lililoulizwa halina jibu katika gari hilo. Alama ya kuuliza pekee ina maana kwamba kifaa hakiijui amri uliyoandika, na nakala duni huitoa mara kwa mara kwa amri ambazo ELM327 halisi inazijua. Kabla ya kukata tamaa, chagua itifaki kwa mkono: ATSP6 na ATSP7 ni za CAN ya kilobiti 500 kwa sekunde, ATSP5, ATSP4 na ATSP3 ni za pini 7. Nakala nyingi hushindwa kutafuta zenyewe, lakini zikionyeshwa njia hupita.

Sasa nifike kwenye sababu ambayo, kwa uzoefu wangu, hupoteza fedha nyingi kuliko zote. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani na kuletwa Kenya yakiwa yametumika. Sheria ya Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, yaani gari kujichunguza na kusomeka kwa kifaa cha jumla, kuanzia magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini Japani ilikuwa na utaratibu wake. Kwa hiyo gari la Kijapani la mwaka 2003 linaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16, ya umbo lilelile, huku kompyuta yake ikizungumza lugha ya kiwanda ambayo kifaa cha jumla hakiijui. Ingawa kanuni ya umri wa miaka minane hairuhusu magari kama hayo kuingizwa nchini leo, yaliyoingia zamani bado yapo barabarani. Corolla tunazoziita NZE, za toleo la 121, na Probox za mwanzo zimejaa kuanzia Kondele hadi Kakamega. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kununua vifaa vitatu vya bei nafuu mfululizo, na vyote vitanyamaza. Anachohitaji ni kifaa chenye programu ya Toyota yenyewe au skana inayotaja waziwazi magari ya soko la Japani.

Kwa Toyota nyingi za kipindi hicho pia kuna njia isiyohitaji kifaa: ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha pini 13 na pini 4 kwa kipande cha waya, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini na uhesabu mimweko ya taa ya injini. Mmweko mmoja, kituo kifupi, kisha mimweko mitatu ni msimbo wa hitilafu namba 13. Mimweko ya haraka isiyo na vituo ni dalili kwamba hakuna msimbo uliohifadhiwa. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha, maana ukigusa 16 badala ya 13 utaunguza fyuzi.

Ikiwa gari ni la miaka ya karibuni na lina CAN, mita itakueleza zaidi kuliko skana. Zima gari, toa kichwa hasi cha betri, subiri dakika chache, kisha pima ukinzani kati ya pini 6 na pini 14. Kila mwisho wa njia ya CAN una rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba hutoa omu 60 hivi. Ukipata 120, mwisho mmoja umepotea, aidha kwa waya kukatika au kwa kompyuta yenye rezista hiyo kuchomolewa. Ukipata karibu na sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana mahali fulani. Mita isipoonyesha kitu, soketi imekatika kutoka kwenye njia, au gari halina CAN kwenye soketi tangu mwanzo. Baadhi ya magari mapya yana kompyuta ya lango, inayosimama kati ya soketi na kompyuta nyingine, nyuma ya soketi, na huko kipimo kinaonyesha tu kipande kilicho kati ya soketi na lango. Rudisha betri, washa ufunguo, upime kila pini dhidi ya ethi: zote mbili zinapaswa kukaa karibu na volti 2.5, pini 6 juu kidogo na 14 chini kidogo. Iliyolala kwenye sifuri au iliyopanda hadi 12 ina mguso. Kwa magari ya pini 7, pima kutoka nyuma ya soketi kifaa kikiwa kimechomekwa na ufunguo umewashwa. Panapaswa kuwa na volti zinazokaribia za betri, na zikiwa karibu na sifuri, kompyuta moja au waya unaivuta njia hiyo chini.

Nani anaivuta? Katika eneo letu, mtuhumiwa wa kwanza ni kitu kilichoongezwa baadaye. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, matatu hulazimika kuwa na vidhibiti mwendo, na juu yake wenye magari wameongeza vifaa vya kufuatilia gari, king'ora na redio za skrini kubwa. Baadhi ya hivi hupata umeme wake au ishara yake kutoka kwenye nyaya zilezile zinazoelekea kwenye soketi, vikiunganishwa kwa kumenya waya na kufunga tepu. Matatu moja ya njia ya Kisumu–Busia ililala kwangu siku mbili kabla sijaamua kuchomoa kifaa cha ufuatiliaji kilichofungwa na kampuni ambayo mwenyewe hakuikumbuka jina. Mara kilipotoka, 0100 ikajibiwa. Kwa hiyo chomoa vilivyoongezwa, kimoja baada ya kingine, ukijaribu kila mara, kabla ya kuzigusa kompyuta za kiwandani. Kidhibiti mwendo ni suala la sheria, hivyo kikichomolewa kwa jaribio kirudishwe na mtu aliyeidhinishwa kabla gari halijabeba abiria.

Kinasoma, kisha kinakatika

Angalia ni wakati gani kinakatika. Kikikatika wakati wa kupiga stata, betri ndiyo inayoporomoka na kifaa kinajizima. Baadhi ya vifaa husema "LV RESET" vinapoamka. Betri iliyojaa hukaa kwenye volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwaka volti hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4 katika magari mengi. Kikikatika kila gari linaporuka shimo, ni pini zilizolegea. Kikikatika baada ya dakika ishirini za jua kali gari likiwa limefungwa vioo, ni kifaa chenyewe kinachoshindwa na joto. Na kikikatika pale tu unapoweka vipimo kumi kwenye skrini kwa pamoja, punguza viwe vitatu, kwa sababu itifaki za pini 7 huenda kwa kilobiti 10.4 tu kwa sekunde na haziwezi kubeba mzigo huo.

Kinasoma, lakini kinachosoma si kweli

Hali hii ndiyo ninayoiogopa kuliko kimya, kwa kuwa kimya hakimfanyi mtu anunue kihisi kisichohitajika. Kuna jaribio moja ambalo jiografia yetu imeturahisishia. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, kihisi cha mgandamizo kwenye manifoldi, yaani njia ya hewa inayoingia kwenye injini, hakina budi kusoma mgandamizo wa hewa ya mahali ulipo. Nakuru, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, inapaswa kutoa takriban kilopaskali 81. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, takriban 88 au 89. Ukiona 101 ukiwa Nakuru, hicho ni kipimo cha usawa wa bahari: ama kihisi ni kibovu, ama namba imejaziwa na kompyuta au programu pale ambapo kipimo halisi hakipo. Jaribio la pili ni la asubuhi kabla gari halijawashwa: joto la maji na joto la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana sana. Jaribio la tatu ni kulinganisha mizunguko ya injini kwenye simu na ile ya dashibodi.

Ripoti ya kutokuwepo kwa hitilafu nayo isomwe kwa uangalifu. Kifaa cha jumla huzungumza na kompyuta zinazohusika na moshi, hasa ya injini. Taa ya ABS au ya mifuko ya hewa inaweza kuwa inawaka mbele ya macho yako huku simu ikisema gari ni safi, na hakuna anayedanganya: kifaa hakikuuliza kompyuta hizo.

Malori

Malori mengi ya Isuzu na Mitsubishi Fuso yanayopanda kuelekea Salgaa yana umeme wa volti 24. Soketi ya pini 16 iliyokusudiwa volti 24 ina mfereji wa katikati uliokatwa vipande viwili, ili kichwa cha kifaa cha volti 12 kisiingie, lakini nimeona vichwa vilivyokatwa kwa kisu vikaingia. Pima volti kabla ya kuchomeka kitu kwenye lori. Kifaa cha volti 12 kilichopigwa na 24 kikiungua kwenye kirekebisha volti, taa yake haitawaka tena. Kikiungua upande unaoelekea gari peke yake, kitawaka, kitaitika simu na kutaja toleo lake, lakini hakitalipata gari lolote, hata lile la majaribio, na kwa hicho hakuna la kutengeneza isipokuwa kununua kingine.